Meza imepoa: dalili, sababu na tiba kwa mwendeshaji wa michezo ya uhusika

Mchezo wa uhusika ukienda mrama, mwendeshaji huwa na watu watatu wa kuwalaumu: mchezaji asiyesoma kanuni, mchezaji asiyekuja, na yeye mwenyewe. Mara nyingi hakuna kati yao mwenye kosa. Matatizo mengi ya mezani yana mzizi mmoja: wachezaji hawana habari za kutosha kuamua, na mwendeshaji anadhani wanazo. Yeye ameiona ramani nzima na amekaa nayo wiki. Wao wamesikia sentensi mbili, tena huku mtu akipitisha sahani ya bagia.

Nazungumzia michezo ya mezani: mtu mmoja, ndiye mwendeshaji, anaueleza ulimwengu na kuwachezea watu na mazimwi wote waliomo, wengine kila mmoja anamchezea mhusika wake, na dadu inaamua pale ambapo matokeo hayajulikani. Mama yao wote ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Hesabu zangu nitazitoa humo, kwenye kanuni za mwaka 2014, kwa kuwa msingi wake unapatikana bure. Tiba zenyewe zinafaa mchezo wowote.

Tafuta dalili inayokusumbua. Chini yake sababu zimepangwa kuanzia ile iliyo rahisi kuijaribu, si ile iliyo kubwa kuliko zote.

Umeuliza "mnafanya nini?" na meza imenyamaza

Chunguza kwanza swali lenyewe. "Mko mbele ya ngome. Mnafanya nini?" ni swali lisilo na pa kushika. Mchezaji hajui kama lango liko wazi, kama kuna mlinzi, kama ni mchana au usiku. Akijibu anabahatisha, na watu wazima hawapendi kubahatisha mbele za watu. Taja vitu vitatu anavyoweza kuvifanyia jambo, kimoja kiwe cha hatari, kisha muulize mtu mmoja kwa mhusika wake: "Lango limefungwa, ila upande wa kushoto ukuta umebomoka, mtu mwembamba anapenya. Juu kuna mlinzi mmoja anakula muwa, makapi anayatema chini. Ndani mnasikia mbwa. Mwizi, wewe uko mbele: unaanza kuangalia wapi?" Hapo hakuna wa kukaa kimya. Angalau atauliza habari za yule mbwa.

Kimya kikiendelea, tazama nani amekaa mezani. Kwetu umri una nguvu. Akiwepo kaka mkubwa wa mtu, au shemeji, au bosi wa kazini, wadogo humsubiri aseme kwanza, na akishasema hakuna wa kumpinga. Hiyo ni adabu, si uoga, na huwezi kuifuta kwa kutangaza kwamba hapa wote tuko sawa. Kinachosaidia ni utaratibu: zunguka meza ukianzia kwa mdogo, mkubwa awe wa mwisho. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kumpa mkubwa mhusika anayewategemea wenzake. Mpe mchawi mzee ambaye macho yameanza kumtupa. Sasa kila wanapoingia chumba kipya lazima amuulize kijana wa miaka kumi na tisa, "Mwanangu, unaona nini mbele?" na kijana lazima ajibu.

Sababu ya tatu ni lugha. Vitabu vingi vya kanuni viko kwa Kiingereza, na karatasi ya mhusika imejaa maneno ambayo mchezaji anaona aibu kuyauliza. Utamtambua: anarusha dadu vizuri, anataja namba, lakini hasemi anachofanya. Usimpe kitabu akasome. Mwandikie nusu ukurasa kwa Kiswahili: mambo matano anayoyaweza, namba ya kuongeza kwenye dadu, na kila jambo anaweza kulitumia mara ngapi kabla ya kupumzika. Kwa mhusika wa ngazi ya kwanza, yaani anayeanza, nusu ukurasa unatosha na kubaki.

Na kama ni saa nne usiku siku ya kazi, basi wamechoka tu. Fungeni.

Wapelelezi wamekwama na mmoja ameanza kupendekeza kumpiga mwenye duka

Hadithi za upelelezi zinapendwa, na ndizo zinazokwama kuliko zote. Wameuliza kila mtu, wamepekua kila kabati, sasa wanazunguka palepale. Sababu karibu kila mara ni hii: jambo la lazima ulilificha nyuma ya mrusho mmoja wa dadu, na mrusho ukafeli.

Fanya hesabu. Mhusika mwenye nyongeza ya 5 anayetakiwa kufikisha 15 kwa dadu ya pande ishirini anafaulu kwa asilimia 55. Yaani umeandika hadithi ambayo karibu nusu ya meza zitakazoicheza zitasimama hapohapo. Ukiwa na vidokezo vitatu vinavyoelekea jibu moja, kila kimoja kwa ugumu huohuo, uwezekano wa kuvikosa vyote vitatu unashuka hadi kama asilimia 9. Kanuni hiyo ya vidokezo vitatu kwa kila hitimisho ilienezwa na Mmarekani Justin Alexander, na mpaka leo sijaona ushauri mfupi zaidi uliookoa vikao vingi zaidi. Robin D. Laws, aliyebuni mfumo wa GUMSHOE, alikwenda mbele zaidi: kidokezo cha lazima hakirushiwi dadu kabisa. Ukiwa mahali penyewe na una ujuzi unaohusika, unakipata. Dadu inabaki kwa yale ya ziada.

Kosa la kawaida ni kuandika vidokezo kwa mahali: "jahazini kuna kidokezo, sokoni kuna kidokezo." Andika kwa hitimisho. Tuseme nahodha ametoweka, na wewe unajua amefungiwa kwenye ghala la chumvi. Juu ya karatasi andika YUKO GHALA LA CHUMVI, na chini yake orodhesha njia za kulijua hilo. Kandambili zake zimebaki jahazini, na kwenye mikanda kuna chengachenga nyeupe zilizoganda. Anayeonja anajua ni chumvi. Hamali mmoja wa bandarini amelipwa mara mbili ya kawaida kubeba gunia ambalo, anavyosema, "lilikuwa linapumua", na tangu siku hiyo halali. Mwenye ghala, ambaye miaka yote huuza kwa yeyote mwenye fedha, wiki hii anawarudisha wateja mlangoni.

Kimoja ni kitu, kimoja ni mtu, kimoja ni tabia iliyobadilika, na mchanganyiko huo umewekwa makusudi. Mwizi atapekua. Mpiganaji asiyejua kupekua anaweza kumnunulia hamali chai na kumsikiliza. Na yule mchezaji aliyekuja sokoni kutafuta mshumaa wa senti mbili atakutana na foleni ya wateja wenye hasira hata bila kuuliza chochote.

Ikiwa kikao kinaendelea na kukwama kumeshatokea, anza na tiba isiyogharimu kitu: mwombe mchezaji mmoja asimulie wanachokijua mpaka sasa. Usimkatize. Mara nyingi utasikia kwamba walisahau jambo uliloliambia meza saa nzima iliyopita, au walilisikia vibaya, na sasa wamejenga nadharia nzima juu ya "gunia la mpunga". Sahihisha waziwazi, kwa sauti yako wewe, si kwa kumtuma mzee wa ajabu atokee gizani na fumbo jipya. Wahusika walikuwepo na walisikia. Ni wachezaji waliosahau.

Isiposaidia, mfanye adui atende. Barua ya kudai fidia inafika nyumbani kwa mke wa nahodha, na karatasi ina unyevunyevu wa chumvi. Mchezo unasonga na siri inabaki siri.

Wapo wanaoshauri ubadilishe jibu lenyewe: wachezaji wakiamini mhalifu ni mpishi, basi na awe mpishi. Kwa upelelezi mimi sikubali. Kuhamisha kidokezo kutoka kabatini kwenda mfukoni si tatizo, lakini wakigundua mara moja tu kwamba ukweli unafuata dhana yao, hawatatafuta tena. Watakaa wakisubiri uwaambie walichopatia.

Pambano moja limemeza jioni

Kabla ya kutafuta mkosaji, piga mahesabu ya muda. Wachezaji watano, kila mmoja dakika mbili, na wewe dakika tatu kwa maadui wote: raundi moja ni dakika 13. Raundi nne ni dakika 52. Aliyemaliza zamu yake anasubiri dakika 11 kabla ya kufungua mdomo tena. Unashangaa nini akiwa kwenye simu?

Pima. Weka saa ya simu kwa raundi moja tu bila kuwaambia, na uone dakika zinaishia wapi, kwa sababu dawa inategemea hilo.

*Zinaishia kwenye kuamua.* Ukiita zamu, taja majina mawili: "Mganga, zamu yako. Mwizi, jiandae." Mwizi akipigiwa filimbi mapema namna hiyo, anafika na jibu. Asiye tayari baada ya kuhesabu polepole hadi kumi, mhusika wake anajikinga raundi hiyo na zamu inapita. Kanuni zinalo tendo la kujikinga, kwa hiyo hukumnyang'anya kitu. Lakini sikiliza pia swali linalorudi. Wakiuliza "kwani wamebaki wangapi?" kila zamu, tatizo si uvivu wa kuamua. Hawaoni uwanja. Weka vizibo vya soda mezani kwa maadui na maharage kwa wahusika, na kabla ya kila zamu sema sentensi moja: "Wawili wamekuzunguka, wa tatu anamkimbilia mganga."

*Zinaishia kwenye kujumlisha.* Wachezaji warushe dadu ya shambulio na ya madhara kwa pamoja. Likikosa, namba ya madhara inapuuzwa. Wewe usirushe madhara kabisa. Maelezo ya kila zimwi yana wastani ulioandikwa tayari kando ya dadu: goblini (kizimwi kidogo) mwenye upanga uliopinda ni 5, na hiyo 5 inatosha.

*Zinaishia kitabuni.* Wewe ndiye mwendeshaji: amua sasa, andika swali pembeni, mtafute jibu baada ya kikao. Nina ubaguzi mmoja tu. Ikiwa uamuzi huo ndio utakaomuua mhusika wa mtu, simamisheni mchezo mkasome, maana hakuna anayesahau kifo kilichotokana na kanuni iliyokosewa.

*Zinaishia kwenye kumalizia maiti.* Raundi ya pili kila mtu alishajua nani atashinda, lakini mnaendelea kupunguza uhai wa maadui mpaka wa mwisho. Viumbe wenye akili hawafi hivyo. Wakibaki nusu wanakimbia, wanajisalimisha, au wanatoa dau. Jiulize pia kabla ya kikao: maadui hawa wanataka nini? Kama jibu ni "kuua wahusika", pambano litaisha kwa maiti tu. Kama wanataka punda mwenye mizigo, linaisha pale punda anapovuka mto, na wachezaji wana kitu cha kufanya zaidi ya kupiga.

Kikao cha kwanza, wahusika wote wako chini

Hili huwapata wanaoanza kwa sababu goblini anaonekana mnyonge. Ana uhai 7 tu, yaani akishapata madhara ya 7 anaanguka. Mwendeshaji anaona wahusika wanne, anaweka goblini sita, anadhani ni mazoezi.

Tazama upande wa pili. Goblini anaongeza 4 kwenye shambulio. Mchawi wa ngazi ya kwanza mwenye kinga ya 12 (namba ambayo shambulio lazima liifikie) anapigwa dadu ikitoka 8 au zaidi, yaani asilimia 65. Goblini sita wakimwelekea, kwa wastani karibu wanne wanampata, na kila mmoja anaondoa 5. Huyo mchawi pengine ana uhai 7. Pigo la pili linamwangusha, na mengine yanaangukia mtu aliyekwisha kulala. Hesabu ya kanuni zenyewe inasema hivyohivyo: goblini mmoja ni pointi 50 za uzoefu, sita ni 300, na kwa sababu ni kundi la watatu hadi sita unazidisha kwa mbili, unapata 600. Kwa wahusika wanne wa ngazi ya kwanza kiwango cha kuua kinaanzia 400. Goblini wakiwa watatu unapata 300, ambayo ni pambano gumu lakini linalochezeka.

Kinachopotosha ni idadi ya zamu. Adui mmoja mkubwa anapiga mara chache na kuzungukwa. Wadogo wengi wanapiga mara nyingi. Kwa hiyo zimwi lako la mwisho la kampeni (hadithi ndefu ya vikao vingi) likidundwa raundi mbili likaisha, usiliongezee uhai. Liongezee wasaidizi wawili, au jambo la kufanya kati ya zamu za wachezaji.

Na kama mauaji yameshaanza mezani? Usidanganye kwenye dadu kimyakimya, wachezaji hunusa. Badilisha lengo la adui. Goblini wanateka badala ya kuua, na kikao kijacho kinaanzia ndani ya zizi la mbuzi, mikono imefungwa, silaha hazipo. Kanuni nazo zinakupa muda: aliyefikisha sifuri hafi papo hapo, isipokuwa pigo lenyewe limezidi kwa kiasi kinacholingana na uhai wake wote. Kila zamu anarusha dadu, 10 kwenda juu ni heri, chini yake ni shari, na kinachotangulia kufika tatu ndicho kinachoamua. Mweleze mchezaji hayo kabla ya pambano la kwanza, si wakati amelala sakafuni.

Mmoja anaongea, wengine wanatazama

Chunguza kama ana ubinafsi au anajaza pengo. Wengi wanaoongea sana wanaogopa kimya kuliko wewe. Ukimuuliza mwingine kwa jina, wananyamaza kwa furaha. Ikiwa anaendelea kuwajibia wenzake, mwambie faraghani, kwa heshima mliyozoeana: "Kaka, nakuhitaji unisaidie. Fulani hajasema leo. Tukifika mjini mrushie swali." Umempa kazi, hukumkemea.

Tofauti na huyo ni yule anayewaibia wenzake, anaua mateka, kisha anasema "ndivyo mhusika wangu alivyo". Hiyo si dalili ya mhusika. Ni dalili kwamba hamkukubaliana mchezo huu ni wa namna gani. Fanyeni kikao sifuri, kile cha kabla ya kuanza, na muulizane maswali makavu: tunaibiana au hatuibiani? Mhusika anaweza kufa? Mambo gani hatuyataki kabisa mezani? Mbunifu wa michezo Ron Edwards alitenga mistari na mapazia: mistari ni yale ambayo hayatatokea hata kidogo, mapazia ni yale yatakayotokea bila kusimuliwa kwa undani. Mtu aliyefiwa na mtoto hapaswi kueleza kwa nini hataki hadithi ya mtoto aliyekufa. Ndiyo maana John Stavropoulos alibuni kadi yenye herufi X inayowekwa katikati ya meza: anayeigusa, tukio linarukwa, na haulizwi sababu. Wengine wataicheka siku ya kwanza. Iwekeni hivyohivyo.

Ugomvi wa nje ya mchezo, wa madeni au mapenzi, hautibiki kwa kanuni za mchezo. Usijaribu.

Kila wiki kuna asiyekuja

Foleni, zamu ya kazi, mgonjwa nyumbani, mvua. Hutayazuia. Kinachoweza kurekebishwa ni kikao kinachovunjika kwa sababu ya mtu mmoja. Panga siku isiyobadilika na idadi ya kutosha: kati ya watano, watatu wakifika mnacheza. Kila kikao kimalizikie mahali salama, mjini au kambini, ili asiyekuja wiki ijayo mhusika wake awe "amebaki kulinda ngamia" bila maswali. Ukikatisha katikati ya pambano, umejifunga: lazima warudi walewale.

Mkishindwa mara kwa mara hata kupata watatu, kampeni ni ndefu kuliko maisha yenu. Chezeni hadithi za kikao kimoja. Mchezo kama Lasers & Feelings wa John Harper una kanuni zinazoenea ukurasa mmoja na unapatikana bure; unaeleweka kabla chai haijapoa.

Maandalizi yanakula wiki, kisha wanaenda upande mwingine

Umeandika kurasa kumi za yatakayotokea ikuluni. Wao wameamua kufungua mgahawa. Sababu ni kwamba uliandika matukio badala ya hali. Tukio linawahitaji wachezaji wawe mahali fulani wafanye jambo fulani. Hali inaendelea wakiwepo au wasipokuwepo.

Chora duara, ligawe vipande sita, uandike juu yake: "Waziri anamwekea sultani sumu." Kila wachezaji wanapolala, au wanapolipuuza jambo hilo, jaza kipande. Kwa kila viwili, jambo moja lionekane mjini: sultani hakutokea kusali Ijumaa, tabibu kaitwa kutoka mbali, bei ya nguo nyeusi imepanda. Vikijaa sita, sultani amekufa. Duara za namna hii huitwa saa, na zilienea kupitia mchezo wa Apocalypse World wa Vincent na Meguey Baker wa mwaka 2010, na kwangu hakuna kifaa kilichopunguza maandalizi kuliko hiki. Andaa duara mbili au tatu kama hilo, majina kumi ya watu yaliyo tayari (utaulizwa jina la muuza kahawa, usijidanganye), na ramani ya mahali pamoja. Mgahawa wao utakuwa na wateja, na wateja wana habari za sultani.

Na kabla hamjaagana, uliza: "Kikao kijacho mnaelekea wapi?" Swali hilo moja linakuokolea jioni tatu za kuandika.

Hatuna dadu, hatuna vitabu

Dadu ya ludo inapatikana kila mahali, na inatosha kwa pande sita. Kwa pande nne, itumie hiyohiyo na urudie kila inapotoka 5 au 6. Kwa kumi na mbili, rusha dadu ya ludo pamoja na shilingi: shilingi ikitua upande wa kichwa unasoma dadu kama ilivyo, ikitua upande wa pili unaongeza 6.

Dadu ya pande ishirini ndiyo inayowashinda watu, na jibu limo kwenye karata. Toa ree hadi kumi za kopa, na ree hadi kumi za shupaza. Kopa zinasomwa 1 hadi 10, shupaza 11 hadi 20: karata ishirini, nafasi sawa. Kwa pande kumi tumia kopa peke yake, kwa nane ondoa tisa na kumi. Mkiona namba kubwa zimeacha kutoka kadiri jioni inavyokwenda, kuna mtu harudishi karata aliyovuta. Kila mvuto, karata irudi na zichanganywe upya, la sivyo mmebadilisha uwezekano bila kujua.

Upande wa vitabu, msingi wa kanuni za Dungeons & Dragons za toleo la tano, zile za mwaka 2014, uliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons Januari 2023. Unaupakua bure, unaruhusiwa kuunakili, kuutafsiri na hata kuuza ulichokijenga juu yake, mradi uwataje wenyewe. Ni mrefu, na haukuandikwa kumfundisha mgeni. Kwa anayeanza kabisa ningemwelekeza kwenye Cairn ya Yochai Gal, nayo ni bure na kanuni zake ni fupi mno. Basic Fantasy ya Chris Gonnerman ni bure pia, kwa wanaopenda mtindo wa zamani wa mapango na hazina.

Mnacheza kwa mtandao na sauti inakatika

Zimeni video kwanza, watu wote. Sauti peke yake inatumia bando dogo sana ukilinganisha na picha, na mchezo huu kwa asili ni wa masikio. Discord inabeba mazungumzo, Roll20 inabeba ramani na dadu ndani ya kivinjari, na zote zina matumizi ya bure. Roll20 ikielemea simu ya mtu, achaneni na ramani hiyo. Chora kwenye karatasi, piga picha, tuma kwenye kundi. Umeme ukikatika kwa mwendeshaji katikati ya kikao, awepo mchezaji mmoja mliyekubaliana tangu mwanzo kwamba ataandika mlipofikia, nani ana uhai kiasi gani, zamu ilikuwa ya nani.

Dalili ya mwisho ni ya kuchekesha mpaka ikupate: mtu mmoja anaingia kikaoni wengine wote wakiwa wamelala. Umetangaza "tunaanza saa mbili usiku". Aliyeko Dar es Salaam amefika. Aliyeko Muscat yuko mbele saa moja. Aliyekulia London amesoma mbili kama mbili, akaweka kengele ya alfajiri. Na mwezi wa Machi na wa Oktoba, Uingereza inaposogeza saa zake, hata waliozoea wanapotezana kwa saa nzima. Andika 20:00, saa za Afrika Mashariki, na wiki za mabadiliko tuma ujumbe siku moja kabla.